Kijiti Kilichobaki Mkononi mwa Syombua

Mwingi, Alhamisi, Novemba 1936

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, na sasa imekatika. Magharibi bado haijaadhiniwa. Vidole vyangu vimejaa wino mwekundu na sijataka kunawa.

Leo nimeona ajabu, na aibu nimeiona siku hiyo hiyo. Acha niandike yote kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Nianze na sanduku. Wiki iliyopita ilikuja amri kutoka Kitui kwamba vitabu vyote vya baraza la wazee vilivyokwisha kujaa vipelekwe Nairobi, vikaongezwe kwenye ghala la kumbukumbu za serikali. Bwana DC alitueleza kuwa huko kuna chumba cha mawe kisichovuja wala kuingiwa na mchwa, na karatasi ikishawekwa humo haiguswi tena kwa kalamu. Mwenye haja, hata mjukuu ambaye hajazaliwa, ataweza kwenda kuomba asomewe yaliyoamuliwa.

Vitabu hivyo vyote ni mwandiko wangu. Mimi ndiye karani wa baraza hili, na sikatai, kichwa kilinivimba. Marehemu baba alitoka pwani na biashara yake, akafia hapa Mwingi bila kuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Leo mwanawe anaingia kwenye chumba cha mawe! Siku tatu nimekuwa nikifuta vumbi na kubandika namba, na kila ukurasa niliofungua niliusifu moyoni. Asubuhi nikapigilia misumari. Lori linakuja kesho alfajiri.

Saa tano akaingia Syombua, amelowa chapachapa.

Syombua ni mjane anayekaa mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Kesi yake tuliisikiliza miaka miwili iliyopita. Mumewe alifariki bila kumwachia mtoto, naye akafanya kama Wakamba wanavyofanya tangu zamani: alitoa mbuzi na ng'ombe, akaoa mke. Mke wa namna hii huitwa iweto. Anamzalia yule mama aliyemwoa, na watoto ni wa nyumba ya mama huyo, si wa mwanamume yeyote. Mke mwenyewe anaitwa Kalekye. Shemeji yake Syombua, Mutua, akaja kushtaki. Alidai ng'ombe walikuwa wa marehemu kaka yake, kwa hiyo Kalekye ni mke wake yeye. Wazee walisikiliza siku mbili nzima, kisha wakampa Syombua haki.

Siku zote mimi naye huongea Kikamba. Leo alikataa. Alisema kitabu ni cha Kiswahili, basi naye atasema Kiswahili, kitabu kisije kikadai hakikumwelewa.

"Karani, nimeskia vitabu zinaenda Nairobi na hazirudi," akasema. "Nataka niskie ile yangu kwanza. Kalekye amezaa. Mutua yeye anangoja tu nikufe, ndio aseme huyo mtoto ni yake."

Niliona ananisumbua. Misumari kumi na miwili nimeipigilia kwa mkono wangu, na sasa niing'oe kwa ajili ya mama mmoja asiyejua hata herufi! Lakini alikuwa ametembea tangu usiku, na mvua ikamkuta njiani. Nikaing'oa, huku nikinung'unika ili asikie.

Alikaa sakafuni, akatoa chini ya shuka kifurushi cha vijiti kilichofungwa kwa uzi wa katani. Hivyo ndivyo wazee wao wanavyoshika maneno ya kesi: kila neno lililosemwa barazani na kukubaliwa, kijiti kimoja. Kesi ikiisha vijiti hutupwa. Sikuwahi kumwona mtu aliyevitunza miaka miwili.

Nikaanza kusoma. Nikimaliza maneno ya shahidi, yeye analaza kijiti. Nikimaliza swali la mzee, analaza kingine. Baada ya ukurasa mmoja nikagundua kwamba midomo yake ilikuwa inanitangulia. Alijua nani atasema nini kabla sijafumbua kinywa, hata pale Mutua alipokohoa akaomba maji, jambo ambalo nililiandika kwa upuuzi tu wa kupenda kuandika.

Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimeshika kitabu cha serikali, na mbele yangu ameketi mtu anayekisoma bila kukitazama.

Nikafika mwisho wa hukumu. Pale pana mistari ambayo katika kila kesi ya ndoa lazima ijazwe: Mume, Mke, Mahari. Nikauona mstari wa kwanza, nikaacha kusoma.

Niliandika: Mume, Mutua.

Kwa nini? Nimejiuliza mchana kutwa, na jibu si zuri. Sikukosea kwa kutojua. Nimezaliwa hapa, nimekula katika nyumba kama hizo, nimecheza na watoto wa humo. Wazee walitamka jina la Syombua waziwazi nami nikalisikia. Ila kalamu ilipofika kwenye neno "Mume" niliona haya. Niliwaza wakubwa watasoma kwamba mwanamke ni mume wa mwanamke, watacheka, watasema huyu karani hajui kazi. Nikaandika jina la mwanamume aliyekuwa karibu. Kwangu ilikuwa kama kufagia ua mgeni anapokuja.

Na leo, mbele yake, niliuruka mstari ule. Nilisoma Mke, nikasoma Mahari, nikafunga kitabu. Niliamini hatajua.

Syombua akatazama vijiti vilivyolala sakafuni. Mkononi alikuwa amebaki na kimoja.

"Hii moja bado," akasema.

Nikamwambia nimesoma yote. Nikamwita mwaitu, mama, kwa sauti ile ya heshima tunayoitumia tunapodanganya.

"Wazee waliuliza bwana ya huyu msichana ni nani. Nikasimama, nikajibu, wakakubali. Hapo hujasoma, karani."

Hakupandisha sauti. Alikinyoosha kile kijiti mbele yangu akangoja. Nimesimama mbele ya Bwana DC mara nyingi, na mbele ya machifu, lakini sijawahi kuhisi udogo kama niliouhisi mbele ya mjane huyu aliyelowa. Nikafungua kitabu tena, nikamsomea mstari ule kama ulivyo.

Alikitazama kile kijiti.

"Kumbe wewe ndio ulimpatia Mutua mtoto yangu," akasema.

Nilitoka mbio na mvua bila kofia. Kabla kitabu hakijaondoka, kosa huruhusiwa kusahihishwa, ila mkuu wa baraza lazima aweke dole gumba, na karani aandike pembeni kosa ni la nani. Bwana DC hukagua masahihisho yote. Karani mwenye kosa la aina hii anaweza kuambiwa akabidhi kalamu aende nyumbani. Nilijua hayo nikikimbia, na nisijisifu: njiani nilisimama mara moja, chini ya upenu wa duka, nikafikiria kurudi kumwambia kwamba sikumpata mkuu.

Nilimkuta Mzee Mulwa, mkuu wetu, zizini akitazama mbuzi wa wafanyabiashara kutoka kaskazini. Nikamweleza yote palepale. Nilidhani atafoka.

"Sisi tulijua bwana ni nani," akasema, akipangusa mikono. "Hata wewe ulijua. Tulikuona ukiandika, tukafikiri unaandika ile tumesema."

Tukaenda pamoja hadi ofisini.

Nikapiga mstari mwekundu juu ya jina la Mutua. Juu yake nikaandika: Syombua, mwenye nyumba, ndiye mume. Mwandiko haukuwa mzuri. Mzee akaweka dole lake, Syombua naye akaweka la kwake, na chini kabisa nikaandika kwamba kosa ni la karani, nikatia sahihi. Nilivyotamani jina langu liingie kwenye chumba cha mawe! Basi litaingia hivyo, na yeyote atakayefungua ukurasa huo atanikuta hapo.

Nikamsomea tena. Safari hii, nilipofika kwenye mstari wa Mume, alifumba macho, akalaza kijiti cha mwisho pamoja na vingine. Nilipata hamu ya kulia, na sijui ni kwa ajili ya nini hasa. Nadhani ni kule kuona jambo kubwa hivyo limekaa miaka miwili katika mkono wa mtu, mkavu, uliochanika kwa jembe, bila kupungua hata neno.

Aliposimama kwenda zake, vijiti aliviacha sakafuni. Nikamkimbilia navyo mlangoni. Akanishangaa.

"Za nini tena? Si sasa kitabu iko nayo?"

Akaenda. Nimebaki navyo mapajani ninapoandika haya.

Ameniamini, baada ya yote hayo. Na ndipo jambo likanipiga, nimeketi hapa na nyundo, sanduku liko wazi. Watu wote waliomo katika vitabu hivi, waliopoteza mashamba na waliopata wake, hakuna hata mmoja anayejua kusoma. Kesi zao zilipokwisha walitupa vijiti vyao palepale uani wakaenda nyumbani, kwa sababu karani alikuwa ameandika.

Aliyekuja kusikiliza ni mmoja tu.

Ni mistari mingapi mingine niliyoifagia?