Mbuzi Aliyekula Sweta ya Kaka Rehani

Kwamndolwa,
Korogwe.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Rehani,

Shikamoo. U mzima? Kile kikohozi cha baridi ya Uturuki kimekuachia? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mama goti linamsumbua.

Kaka, barua yako nusura ikuvunjie ndoa. Baba mdogo Faraji aliisoma kwa sauti mbele ya Mzee Kibwana, baba yake mchumba wako Munira, aliyetoka Handeni kuja kupanga siku ya harusi. Alisoma vizuri mpaka pale unapoeleza kazi yenu ya kutengeneza vipimo vya ndege huko kiwandani: punje ya madini yenye mionzi inafungiwa kwenye kichumba, mionzi inaifanya hewa ipitishe umeme; ndege ikipanda mgandamizo wa hewa unapungua, umeme nao unapungua, ndipo rubani anajua yuko juu kiasi gani. Mimi nilielewa. Mzee Kibwana alisikia neno moja tu.

"Mionzi? Binti yangu simwozi kwa mtu aliyekaangwa! Huyo hazai tena."

Akaacha chai, akaondoka.

Mama naye akaingiwa na woga. Sweta uliyomtumia akaitoa nje kwa fimbo, akaitundika kwenye mpera. Nilimwambia hiyo punje haitoki kiwandani, hakunisikia. Asubuhi tukamkuta mbuzi wake mwekundu ameshamaliza mkono mzima.

Mtaa wote ulikuja kumtazama akifa. Hakufa. Siku ya tisa akazaa mapacha.

Habari zikafika Handeni siku hiyo hiyo. Mzee Kibwana akaja na bodaboda, akavigeuza vile vitoto, akahesabu miguu.

"Kama huyu kala mkono tu kapata wawili," akasema, "anayeshinda na hiyo mionzi kutwa si atatujazia nyumba?"

Harusi ni mwezi wa tisa. Kwamba mbuzi alikuwa na mimba tangu Januari, mimi najua, mama anajua, na hakuna aliyefungua mdomo.

Ila kaka, fuata masharti yote ya kujikinga. Mama sasa anacheka, lakini siku ile nilimkuta jikoni analia, akidhani ameshakupoteza.

Baba mdogo na shangazi Chausiku wanakusalimu sana. Munira naye kanituma nikwambie: baba yake alipokuwa bado anakataa, yeye alikuwa ameshakwenda kupiga picha ya pasipoti ya kukufuata huko.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Nduguyo anayekupenda,
Mwatumu