Sauti ya Baba Yako Mikokoni

Langoni, Amu
14 Novemba 1955

Mpendwa ndugu yangu Jeilani,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute salama huko Unguja, wewe, mkeo Hadia na watoto, na ile homa uliyotutajia iwe imekwisha. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mamako, Bi Alawiya, ametoka eda. Afya yake si mbaya, ila chakula hakimpiti vizuri. Mama yangu hulala kwake asiwe peke yake.

Uliniuliza baba yako alikuwa mkubwa wa namna gani kazini, hata wakata boriti, waume wazima, wakamlilia makaburini. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua, japo tajiri wa boriti alinipa mimi nafasi yake ya usimamizi kwa kuwa nimesoma. Sasa nadhani najua, na kujua huko kunaninyima usingizi.

Baba yako, mjomba wangu Hamdun, hakuwa mpole. Mtu akija na shoka butu, alimsema mpaka akaona haya. Lakini alikula sinia moja na watu wake, na mashuani alikuwa wa mwisho kupanda. Tena kulikuwa na kule kuita. Wakishatawanyika ndani ya mikoko hawaonani. Basi maji yakianza kujaa, yeye husimama topeni akamwita kila mmoja kwa jina lake na la babake, akangoja aitikiwe. Mimi nilidhani anawahesabu tu.

Kwa hiyo nikaleta firimbi. Yasikika mbali na haichoki. Siku ya kwanza walicheka sana. Madi, yule mzee wa Chundwa mwenye maneno mengi, akaniuliza, "Bwana Badawi, hilo ni goli au mpira umetoka?" Lakini walitoka upesi, nami nikaridhika.

Kisha yakaja mambo nisiyoyapenda. Kabla sijapuliza, nasikia mtu humo ndani akiitika, "Naam!" Baada yake mwingine. Wala hakuna aliyeita. Nilipomuuliza Fadhil, mmoja wa wakataji, aliangalia chini kama aliyeulizwa siri ya nyumba yake. Na pale nyuma ya mashua alipokuwa akikaa baba yako, hakai mtu.

Jumatano iliyopita nilipuliza, wakatoka wote isipokuwa Madi. Nikapuliza tena na tena, wenzake wakapiga kelele. Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Halafu tukamsikia mbali, "Naam, Bwana Hamdun! Nipo!" Tukaifuata sauti. Mguu wake ulibanwa na mizizi, na maji yalikuwa shingoni.

Tulipomtoa, nilimuuliza kwa nini hakuiitikia firimbi.

"Firimbi yaita nani, mwanangu?" akasema. "Yeye ameniita kwa jina langu."

Hakuna aliyecheka. Njiani Fadhil akanieleza kwamba baba yako, kwa "naam" ya mtu, alijua nani ana homa, nani kalala na njaa, nani kagombana na mkewe. Na kesho yake humpa kazi nyepesi bila kusema neno. Hakuwa akiwahesabu, Jeilani. Alikuwa akiwasikiliza. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Tangu Alhamisi wamegoma. "Mai yakijaa twataka kuitwa," wamesema, basi. Tajiri naye ameapa kuleta watu wengine kama mzigo wa boriti hautakuwa tayari, na nyumba zao zote zategemea kazi hii. Kwa hiyo nimekuwa nikienda vibarazani kwao, nakaa, nawasikiliza wakizungumza, nizijue sauti zao.

Kesho tunaingia, nami nitaita. Siogopi kwamba hawataniitikia. Naogopa kwamba majina yatakwisha, watu wote wawe wametoka, kisha nisikie "naam" moja zaidi humo ndani. Sauti hiyo sihitaji kujifunza.

Haya simwambii mamako, nawe usimwandikie. Mama yangu, Bi Swafiya, akusalimu sana. Madi naye akusalimu. Mguu umevimba lakini kesho ataka kuwamo. Nisalimie Hadia na uwabusu watoto.

Msomee baba yako Fatiha, na umwombe Mungu ampumzishe. Amefanya kazi ya kutosha, na iliyobaki ni yangu.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Badawi bin Abdulqadir