Barua ya Bi Rehema

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na mie moyo umenilemea.

Leo wamekuja wanafunzi watano tu kwenye darasa langu la Kiingereza hapa Chang'ombe. Tumetumia ile programu ya kuchanganua sentensi: unaiandikia sentensi, yenyewe inaipaka rangi. Kiima kijani, kitenzi chekundu. Watu wazima wanaipenda kwa sababu inawapunguzia aibu ya kuuliza.

Bi Rehema, muuza vitenge, ndiye mkubwa wao. Huwa namwamkia shikamoo kabla sijaanza kumfundisha. Wenzake walipoondoka alibaki, akatoa barua kwenye mkoba. Ilitoka kwenye kampuni ya meli alikofanya kazi mwanawe, Salum. Mwaka jana shemeji yake alimsomea, akamwambia Salum bado anatafutwa.

"Nilitaka niisome mwenyewe, mwalimu. Ndiyo maana nikaja."

Miezi saba anakuja darasani. Mie nilidhani anataka Kiingereza cha wateja.

Aliandika sentensi ya kwanza kwa kidole kimoja: *He was last seen on the deck.* Mara ya mwisho alionekana kwenye sitaha. Rangi zikatokea. Akazitazama kwa muda.

"Sasa aliyemwona yuko wapi hapa?"

Nikamweleza kauli ya kutendwa, kwamba mtendaji anaweza asitajwe kabisa. Nilieleza vizuri sana. Nikatoa na mifano.

Nilikuwa naogopa.

Jicho langu lilishafika sentensi ya chini yake, iliyosema kwamba wameacha kumtafuta na Salum anahesabiwa amekufa. Ningeweza kufunga laptop, nikamshika mkono, nikamwambia kwa Kiswahili. Badala yake nikamwacha aiandike hiyo pia, herufi moja moja, mie nimekaa pembeni na sarufi yangu.

Neno la mwisho lilikuwa *dead*. Hakungoja rangi. Hilo analijua.

Hakulia. Aliikunja barua, akaniuliza kama alikuwa ameisoma sawasawa. Nikamwambia ndiyo, mama, umeisoma sawasawa.

"Mwaka mzima," alisema, "sijamsomea mwanangu hata hitma."

Shemeji yake sijui nimlaumu vipi. Alimficha kwa huruma, na mie nimekimbilia somo kwa woga. Sioni tofauti kubwa.

Hitma ni kesho baada ya alasiri, nyumbani kwake. Mie Mkristo wa kutoka Mbeya, sijui nitakaa wapi wala nitasema nini. Nitakwenda mapema, niwasaidie kina mama kumenya viazi, na nisimfundishe mtu kitu.