Mchoro Usio na Jina wa Mashamba ya Marui

Baba Zuhura, mume wangu,

Mimi nasema, Zuhura anaandika, naye asikie nilichokuficha ukiwa hai: nilikushuku.

Ulipopata kazi ya kushika mnyororo wa kupimia ardhi, kule bomani Kisarawe, Marui nzima ilianza kutuangalia kwa jicho jingine. "Mumeo anahesabu hatua shambani kwangu," mama aliniambia. "Anamhesabia nani?"

Wewe ulifurahia tu elimu yako. Ulinichorea mchangani: ukiulenga mnazi kwa dira kutoka kilima hiki, kisha kutoka kile, mistari inapokutana ndipo mnazi ulipo. Nilielewa upesi kuliko nilivyokuonyesha. Nikawaza, kumbe mtu anaweza kuipata nyumba yangu akiwa mbali, bila hata kupiga hodi.

Ndipo ukaleta ramani yenyewe. Kwenye mashamba yetu palikuwa peupe, na neno moja. Ulinisomea kwa sauti ndogo: "Pori."

"Na makaburi ya babu zangu? Nayo pori?"

"Bwana mpimaji hakufika huko, Mama Zuhura. Aliishia barabarani."

"Wewe unapajua. Mbona ulinyamaza?"

Kesho yake asubuhi ulinipa ncha moja ya kamba ya mafundo. Siku tatu tulipima makaburi, kisima na mikorosho ya mama. Wewe ukichora, mimi nikihesabu mafundo. Hata hapo nilikuchunga. Ukapeleka mchoro bomani, ukarudi huna kazi.

Ulisema wamekufukuza kwa kuchora usichotumwa. Mimi nikaamini umetuuza, kisha wamekutupa. Nikakupikia na kukuzalia miaka yote hiyo, shaka ikiwa kifuani.

Mwezi uliopita walikuja wapimaji wa msitu wa serikali. Karani wao alikunjua ramani mpya. Makaburi yamo, kisima kimo, na mpaka wa msitu umepinda kuikwepa mikorosho.

"Nani aliwaonyesha haya?" nikamuuliza.

"Kuna mchoro wa zamani kwenye faili, mama. Hauna jina."

Sikumwamini hata yeye. Nilimtembeza mpaka wote kwa miguu kabla hawajachimbia nguzo hata moja. Ramani ilikuwa sawasawa, hatua kwa hatua.

Nilirudi nyumbani nikakaa chini, nikalia. Mama alikuita mwizi hadi kufa kwake, hata tukiwa tunakula, nami sikumkatalia. Ulisikia, ukaendelea kula.

Nisamehe, baba. Mungu akulaze pema.

Mkeo,
Mama Zuhura