Vidole Vitatu vya Baba

Ni mwaka mmoja na siku nne sasa tangu utuache, Baba. Siku nne zilizozidi si uzembe. Tulikuwa tunasubiri jibu la klabu yako, nalo tutalieleza hapa chini.

Kwanza tunasahihisha. Tangazo letu la mwaka jana lilisema ulifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Tuliliandika sisi wenyewe, na si kweli. Uliugua miaka tisa. Ulianza kuumwa kichwa, ukafuata usahaulifu, ikaja huzuni ambayo hatukuipa jina, na mwisho ulijitoa uhai. Tuliogopa maneno ya watu. Wewe hukutulea hivyo. Tunakuomba radhi.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa beki wa kati kwa misimu kumi na minne, na mashabiki walikuita Nyundo kwa sababu hakukuwa na mpira wa juu uliowahi kuukwepa. Wapinzani wakipata kona, jukwaa zima liliimba, "Gonga, Nyundo, gonga!" nawe ukagonga. Uligonga mpira, ukagonga visogo vya watu, mara mbili ukagonga mlingoti wa goli. Siku za mlingoti ndizo walizoshangilia zaidi.

Nyumbani hukuwa nyundo ya mtu yeyote. Kila Jumapili ulitupigia pasi sare za shule, kola kwanza, ukapanga viatu vyetu mlangoni kwa urefu wa wenyewe. Ulimenya chungwa kwa ganda moja lisilokatika, ukatuvisha mkononi kama bangili. Ulipostaafu ukawa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ulitikisa boksi la skrubu karibu na sikio na kutaja ukubwa wake bila kusoma lebo. Mwenye duka anasema hajapata mwingine wa aina hiyo, na hatafuti.

Na ulikuwa na utani mmoja.

"Baba watoto, sukari vijiko vingapi?" Mama aliuliza kila asubuhi.

"Vitatu!"

Ulipenda kimoja. Ulikunywa vitatu vyako hivyo hivyo, uso umekunjamana, sisi mbavu hatuna.

"Baba, jana mlifunga magoli mangapi?"

"Vitatu!"

"Magoli ni matatu, Baba, si vitatu!" Huyo ni mimi, binti yako wa kwanza, ninayeandika haya kwa niaba ya wote. Nilikuwa na miaka saba na tayari nilikuwa nasahihisha watu.

Ulitueleza utani huo ulikotoka. Mchezaji akigongwa kichwa na kuanguka, mchua misuli wa timu hukimbia uwanjani na chupa ya maji, akanyoosha vidole na kuuliza ni vingapi. Akijibu sawa, anaendelea kucheza. "Na mimi," ulisema, "sijawahi kukosea." Tulijivuna shuleni kwa jambo hilo.

Mwaka wa kwanza wa ugonjwa ulipeleka saruji ya mteja kwenye nyumba isiyoiagiza, kisha ukarudia kosa lile lile wiki iliyofuata. Mwaka wa tatu mwanga wa mchana ulikuumiza, ukawa unakaa bafuni taa imezimwa. Mwaka wa tano uliacha kupiga pasi. Mama alikwambia unadeka. Mdogo wangu, dereva wa lori, alikwambia mtu mzima hafungiwi ndani na mawazo. Mwenzako mmoja wa zamani alikuja, akakupiga bega: "Nyundo bwana, toka nje upigwe na jua! Tangu lini wewe ukaumwa na kichwa?" Ulicheka naye. Hakurudi.

Mwaka wa saba tulikupeleka kliniki. Daktari kijana, mpole, alikuuliza, "Mzee, huu ni mwaka gani?"

"Vitatu."

Tulicheka wote, Baba. Tulikuwa hatujausikia utani huo muda mrefu, tukadhani umerudi. Daktari alitutazama, akaona familia inacheka, naye akacheka. Kwenye kadi akaandika: "Mgonjwa mchangamfu." Ulikuwa umetazama ukutani, na wewe peke yako hukucheka. Kadi hiyo tunayo. Ilipita miaka miwili kabla ya daktari mwingine, wa ubongo, kutuambia kwamba inaelekea vipigo vya miaka ile ndivyo vilivyokuharibu. Alisema "inaelekea", hakusema "hakika", na tunaandika alivyosema. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Baada ya mazishi tuliomba jalada lako klabuni. Tuliandika barua tano kabla ya kupewa. Ndani yake mna taarifa kumi na moja za wewe kuanguka na kupoteza fahamu. Chini ya kila moja pana maneno yale yale, kwa mwandiko ule ule: "Amepimwa. Yuko sawa. Ameendelea." Ya nne na ya tano zimepishana siku sita.

Mwandiko ni wa mchua misuli wenu, yule tuliyemwita Mjomba Maji. Nilimfuata kwake. Alikuwa anafua jezi za wajukuu kwenye beseni, akaniwekea kiti, akaniuliza habari za Mama. Nikamuuliza kwa nini jibu lako lilikuwa vitatu siku zote.

"Kwa sababu nilinyoosha vitatu siku zote, mwanangu."

"Kila mara?"

"Kila mara, na kwa kila mchezaji. Timu nzima ilijua jibu. Ningenyoosha viwili angekosea. Akikosea inabidi atoke. Nyundo atoke, na mechi imejaa kona? Kocha angenimeza mzima mzima."

"Kwa hiyo ulijua haoni vidole."

Aliikamua jezi mpaka maji yakaisha. "Nilijua. Na yeye alijua kwamba najua. Kuna siku alinijibu kabla sijanyoosha mkono. Nikamwambia, haya, inuka."

Hilo ndilo jambo ambalo hatukulijua, Baba. Ule haukuwa utani. Lilikuwa jibu la mtihani ulioibwa, na walioiba ni waliopaswa kukupima. Wewe ulilileta mezani kwetu likiwa limevishwa kicheko, sijui kama ulikuwa unatuficha au ulikuwa unatuambia. Nasi tulilicheka mara ya mwisho siku ile ambayo hukuwa na jibu lingine kichwani.

Sasa barua. Klabu imetualika Jumamosi ijayo. Kabla ya mechi, inasema, uwanja mzima utasimama dakika moja na kunyoosha vidole vitatu, "ishara aliyoipenda Nyundo wetu". Wanataka Mama asimame katikati ya uwanja na kunyoosha vya kwake. Tulijibu kwamba tutakuja kwa sharti moja: dakika hiyo itumike kusoma kwa kipaza sauti taarifa zile kumi na moja, na tarehe zake. Tumezisoma nyumbani kwa sauti, tukashika saa. Zinatosha katika dakika moja.

Jibu limefika jana. Wanatushukuru. Wanasema siku hiyo ni ya furaha.

Kwa hiyo hatutakuwapo. Kwa mashabiki waliokupenda, na tunajua walikupenda, tuna ombi moja tu: Jumamosi msinyooshe vidole. Mikono iwe chini. Na mkimwona mchezaji ameanguka, kisha akanyooshewa vidole na kujibu haraka mno, msishangilie. Ombeni atolewe.

Mjomba Maji ametuma ujumbe kwamba Jumamosi naye atabaki nyumbani. Hatujui tumjibu nini, na bado hatujamjibu.

Mama ameanza tena kupiga pasi siku ya Jumapili. Huanza na kola. Chai yako huimimina akisahau kwamba hupo, kisha hutia kijiko kimoja, kile ulichokipenda.

Wanaokukumbuka ni mkeo, aliyekwambia unadeka na anayejutia neno hilo, mimi, binti yako mpima ardhi, wadogo zangu watatu, yaani dereva wa lori, mkunga na fundi cherehani, dada yako, wakwe zako, wajukuu sita wanaokuita Babu Vitatu, ambao tutawaeleza wakikua, na mwenye duka, ambaye hajaajiri mtu wa stoo.

Hakuna atakayekunyooshea vidole tena, Baba. Umepumzika bila kuulizwa. Siku zote tutakukumbuka, na tutakukumbuka kwa ukweli.