Sikuwasha Mpaka Alipokuja

Jumamosi, Julai. Makere.

Asubuhi baridi, umande mpaka magotini. Mikono yangu inanuka moshi ninapoandika, na nimeridhika kuliko nilivyotegemea.

Leo tumechoma vichaka vya shamba la juu. Huku kwetu kuna utaratibu: jioni ya kuamkia siku ya kuchoma unapita kwa kila unayepakana naye kumwambia. Asubuhi anakuja na tawi bichi la kupigia moto. Mmoja asipotokea, huwashi.

Mwaka jana niliwasha bila kumwambia mtu.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Nilikuwa na haraka, tena nilijiona najua. Niliwasha saa nane mchana, upepo ukivuma. Kinga ya moto nilikuwa nimeilima vizuri, upana wa hatua nne, ila nyasi nilizokata nilizirundika upande wa nje, kwenye mpaka. Cheche moja ikazidaka. Moto ukaingia kwa jirani yangu, Baba Zabroni, ukaunguza mizinga yake mitatu, na nyuki wakiwemo.

Nilikwenda kuomba radhi nikiwa na mume wangu na mchungaji. Baba Zabroni alisema yameisha. Lakini tangu siku hiyo aliacha kukatiza uani kwetu akienda kisimani, akawa anazunguka njia ya mbali. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa hiyo jana jioni miguu ilikuwa mizito. Nilimkuta akichonga mzinga. Nikamweleza kwamba kesho nataka kuchoma, asubuhi, na maji yapo. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Nimesikia."

Nimesikia. Hilo ni jibu gani? Nimelala nalo usiku kucha.

Leo saa moja na nusu walikuwa wamefika Mama Anitha, ambaye shamba lake liko upande wa bondeni, na shemeji yangu Joeli. Ndoo tatu za maji zilikuwa tayari, umande ukaanza kukauka. Saa mbili ikapita. Joeli akasema tuwashe tu, jua likikolea itakuwa noma. Mama Anitha alikuwa akitazama juu, njia ya kwa Baba Zabroni.

Kiberiti nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishtuka hata kukigusa. Nikawaambia kwamba Baba Zabroni asipokuja, vichaka vitabaki hapo hapo na maharage nitapanda kwingine. Joeli akaguna.

Kisha tukamwona anashuka, jembe begani, bila tawi.

"Mwakeye," akasalimia, akatupita. Alizunguka kinga yote, taratibu, akiburuta mguu kama anayetafuta sarafu. Nilikuwa nimeifagia mara mbili, lakini kwenye kona ya mninga alikuta fungu la nyasi upande wa nje. Nilitamani ardhi inimeze. Akalivuta kwa jembe mpaka ndani, akarudi nilipo.

"Anzia juu, Mama Elia. Upepo unatoka bondeni. Moto ushuke wenyewe, polepole."

Mama Elia. Mwaka mzima hakuwa ameniita hivyo.

Moto ulishuka kwa upole, ukikutana na upepo. Sisi wanne tulisimama kwenye kinga na matawi, yeye akiwa amekata la kwake pale pale. Ulikufa kabla ya saa nne. Tukamwaga maji, tukageuza majivu kwa jembe, na sikuondoka mpaka nilipoyashika kwa mkono nikaona yamepoa. Joeli alinicheka, eti nayabembeleza majivu kama mtoto. Acha acheke.

Wakati wa kuagana, Baba Zabroni alisimama chini ya mninga wangu, ule wa mpakani, akautazama kwa muda mrefu.

"Huu una kivuli kizuri," akasema. "Nikimaliza ule mzinga, nitautundika hapa."

Kwenye mti wangu. Shambani kwangu.

Nilijibu sawa tu. Kisha akaondoka kwa kukatiza uani kwetu.

Kesho ni Jumapili. Kabla ya kanisa nitachukua jembe, nikapalilie nyasi zote kuzunguka ule mninga. Na nitazitupa mbali.