Diski Isiyofungwa

4 Februari

Kwa ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Hamjambo hapo ofisini? Nyumbani kwenu wote wazima? Mafua ya msimu huu hayajawapitia? Sisi huku tunasukuma siku, tunashukuru.

Mimi ni mpiga video za harusi. Natumia programu yenu ya kutengeneza diski za picha ang'avu. Diski inaandikwa mpaka mwisho, kompyuta inaisoma vizuri, lakini deki ya sebuleni inaikataa. Nimeshaharibu saba, na mke wangu ameanza kuniita fundi kwa kejeli.

Macho yake yanafifia. Daktari anasema hata mwezi huu hana hakika nao. Anachotaka ni kuiona harusi ya binti yetu, iliyopigwa na fundi mwenzangu, ambayo mimi nilikataa kwenda na yeye nikamzuia. Kioo cha kompyuta ni kidogo, haoni kitu. Kwenye runinga kubwa, picha ikiwa ang'avu na akisogea karibu, bado anaona. Nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi Video

5 Februari

Ndugu mteja,

Asante kwa kuwasiliana nasi. Usaidizi wa diski za picha ang'avu ulikoma Desemba. Tunakutakia siku njema.

Dada wa Huduma

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nimepiga simu tangu asubuhi, hupokei.

Leo nilikuwa nafuta barua za zamani nikakuta "tunasukuma siku". Nikasoma mpaka chini, nikaenda kulia chooni. Dada wa Huduma ni mimi, baba. Hapa tunapimwa kwa barua tulizomaliza. Barua ikianza na salamu ndefu, natafuta jina la bidhaa, nabandika jibu, napita. Yako niliimaliza kwa dakika moja.

Jibu lenyewe ni hili. Kabla hujabonyeza "andika", shuka mpaka kisanduku cha mwisho kilichoandikwa "funga diski". Kitie alama. Diski isiyofungwa, kompyuta huivumilia, deki haiitaki. Basi, ni hilo tu.

Kwa nini hukuniandikia mimi?

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umzima? Na mkwe wangu, naye mzima? Ndiyo, nimemwita mkwe.

Nilijua uko ofisi hiyo. Nilitumaini barua itakuangukia wewe, utanijua kwa salamu zangu, nami sitakuwa nimekuomba. Kiburi changu hicho, usijilaumu peke yako.

Nilitia alama. Deki iliisoma mara ya kwanza, picha safi mpaka uzi wa pindo la gauni lako unaonekana. Mama yako alivuta kiti mpaka karibu aguse runinga. Lakini mwanangu, macho yalizima kabisa siku nne kabla ya barua yako. Alisema, "Weka tu, wewe nieleze."

Basi mimi niliyeikataa harusi yako nimeisimulia yote, kuanzia mlangoni. Nikafika mstari wa mbele, kwenye vile viti viwili mlivyotuwekea, vitupu. Nikashindwa kuendelea.

"Hapo kuna nini?" akauliza.

Nikamwambia tumekaa mimi na yeye.

Anajua vizuri tulikuwa wapi siku ile. Hata hivyo akauliza, "Nimevaa nini?"

Nikamwambia lile gauni lake la kijani, na mimi nimemshikia mkoba.

Njoo, mwanangu. Anataka kukushika uso.

Baba yako